Shauri la Ada ya Maegesho

Katika ushuru na ada zote ambazo mkazi wa mji hutozwa na serikali yake, ni chache zinazomkera upesi kama ada ya kuegesha gari katikati ya mji. Kwa sababu kodi nyingine hukatwa katika mshahara au hufichwa katika bei ya sukari na mafuta, wala mtu hazioni zikipita, lakini hii hudaiwa waziwazi kando ya barabara, mara nyingi wakati mtu ana haraka ya kuwahi benki, hospitali au mahakama, na asipoilipa hurudi akakuta gurudumu la gari lake limefungwa chuma. Hasira huzaliwa papo hapo, na aghalabu humwangukia aliye karibu, yaani askari wa kaunti, ambaye watu wa Nairobi humwita kanjo. Lakini askari huyu hakuipanga ada, hana mamlaka ya kuipunguza, na maneno makali anayotupiwa hayafiki mahali popote penye daftari, muhuri wala kura. Hivyo lalamiko ambalo pengine lilikuwa la haki tupu hufa palepale lilipozaliwa, na ada ikipanda tena watu hurudia yaleyale.

Mimi naamini kwamba lalamiko hilo lastahili hatima bora kuliko hiyo. Raia anayelalamikia bei ya maegesho haombi hisani. Anauliza maswali matatu ambayo kila serikali yenye adili hupaswa kuwa na majibu yake tayari: fedha hii inatozwa kwa ajili ya nini, ni nani aliyeamua kiasi chake, na sisi tutakaoilipa tuliulizwa lini? Anayejua kuyauliza maswali hayo mbele ya mlango unaohusika, na kwa wakati wake, ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani.

Insafu yataka tuanze kwa kuitetea ada yenyewe, maana mlalamikaji asiyejua sababu ya jambo alilalamikialo hushindwa kwa neno moja. Barabara ya katikati ya mji ni mali ya umma, nayo ni finyu. Haiongezeki upana kwa kuwa magari yameongezeka. Mahali panapotosha gari moja, gari hilo likiachwa tangu asubuhi hadi jioni, huwa pamemfaa mtu mmoja. Lakini kila gari likikaa kwa saa moja na kuondoka, mahali papo hapo huwafaa watu wanane au tisa, nao ni wanunuzi, wagonjwa na wenye mashauri yao mjini. Hiyo ndiyo sababu mashine ya kwanza ya kupimia muda wa maegesho ilisimamishwa katika mji wa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935. Wenye maduka wa mji ule walikuwa wameona kwamba nafasi zilizo mbele ya milango yao hushikwa mchana kutwa na magari ya watu wanaofanya kazi mjini, na mnunuzi hana pa kusimama. Wakamkabidhi tatizo hilo mwandishi wa gazeti aliyeitwa Carl Magee, naye akabuni tadbiri ya kutoza senti tano kwa saa. London ilifuata mwaka 1958, katika eneo la Westminster. Kwa asili yake, basi, ada hii haikuwekwa ili kuijaza hazina. Iliwekwa ili watu wapokezane nafasi.

Mtaalamu aliyeifikiri habari hii kwa kina kupita wengi, Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliandika mwaka 2005 kitabu kikubwa kiitwacho The High Cost of Free Parking, ambamo alishikilia mambo mawili yanayomfaa sana mlalamikaji wa popote. La kwanza ni kwamba bei ya haki ni ile ya chini kabisa iwezayo kuacha nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha barabara, hata nafasi zipatazo asilimia 85 ziwe zimejaa na zilizobaki zimngoje ajaye. La pili ni kwamba fedha inayopatikana irudishwe katika mtaa uleule uliotozwa, ionekane kwa macho. Alipenda kutoa mfano wa mtaa wa kale wa mji wa Pasadena, ambako mashine ziliwekwa mwaka 1993 baada ya wenye maduka, waliokuwa wakizipinga, kuahidiwa kwamba mapato yake yatatumika papo hapo kutengeneza njia za miguu, taa, miti na usafi. Na mtaa uliokuwa umechakaa ukarudi kuwa wa watu. Kwa hiyo pale ambapo nafasi ni tupu nusu ya mchana na ada ingali inapandishwa, au pale ambapo ada imelipwa mwaka baada ya mwaka na mashimo ya barabarani ni yaleyale, raia ana hoja, wala hoja hiyo si ya uchoyo.

Natuitazame sasa sheria, na nachagua ya Kenya, kwa kuwa huko shauri hili limefika mahakamani na kuacha mafundisho yaliyo wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeyaweka magari na maegesho ya mjini mikononi mwa serikali za kaunti. Lakini haikuzipa kaunti hizo ruhusa ya kutoza chochote zipendacho. Ibara ya 209 imetenga kodi mbali na ada: kodi ambazo kaunti yaweza kutoza ni ile ya ardhi na majengo, ile ya burudani, na nyingine itakayoidhinishwa na Bunge la taifa; lakini ada, kaunti huruhusiwa kuitoza kwa huduma ambazo yenyewe hutoa. Ibara ya 210 yaongeza kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni iwezayo kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 120, imeeleza misingi ya kupanga bei za huduma: watumiaji watendewe kwa usawa, kila mtu alipe kwa kadiri ya matumizi yake, na bei ilingane na gharama zinazohusika kwa haki na utoaji wa huduma yenyewe. Wachache wanakijua kifungu hicho, lakini mtu anayekwenda kulalamika akiwa nacho mkononi huwa amelibadilisha lalamiko lake likawa daawa. Kwa kuwa hasemi tena kwamba bei ni chungu, bali anataka kuonyeshwa gharama iliyoizaa.

Mwaka 2013, serikali ya Kaunti ya Nairobi, iliyokuwa imezaliwa na uchaguzi wa Machi mwaka huohuo, ilipitisha Sheria yake ya Fedha, na katika sheria hiyo ada ya kuegesha gari dogo mjini ikapandishwa kutoka shilingi 140 kwa siku hadi shilingi 300, na za matatu nazo zikapanda. Mji ulinung'unika. Vyama vya wenye matatu vikaenda Mahakama Kuu, vikadai kwamba wananchi hawakushirikishwa. Jaji Isaac Lenaola aliusikiliza ushahidi, akaona kwamba umma ulikuwa umepewa nafasi ya kadiri ya kutosha ya kutoa maoni, akawakatalia. Fundisho la hukumu hiyo ni gumu, lakini lafaa likumbukwe: swali kuu halikuwa kama shilingi 300 ni nyingi, lilikuwa kama mlango wa kusema ulifunguliwa. Ambaye mlango ulifunguliwa naye akabaki nyumbani, hawezi kutarajia jaji aende kumsemea.

Miezi michache baadaye, Aprili 2014, katika kaunti jirani ya Kiambu, shauri la namna hiyohiyo lilikwisha kwa namna nyingine. Wananchi waliipinga Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013, iliyokuwa imebeba ada na tozo za aina nyingi, na Jaji George Odunga akaitangaza kuwa batili kwa kukosa ushirikishwaji wa kweli wa umma. Alisema kwamba haitoshi serikali kupenyeza tangazo mahali fulani na kuwaacha wenye kutaka walitafute wenyewe. Kwamba bunge la kaunti lina wajibu wa kuwahimiza watu kwa kila njia wanayokusanyikia, makanisani, misikitini, mahekaluni, katika mabaraza ya hadhara na katika redio za taifa na za lugha za wenyeji. Na kwamba pale sheria inapohusu fedha za watu wajibu huo huwa mzito zaidi. Ni hukumu ya kuheshimiwa sana, kwa sababu ilimtafuta raia mahali anapoishi hasa. Mtu wa Mombasa, Kisumu au Nakuru anayesikia ada imepandishwa na asijue kikao cha maoni kilifanyika wapi, ana haki ya kuuliza: tangazo lilisomwa katika msikiti upi, kanisa lipi, soko lipi, redio gani?

Hukumu hizo mbili ziliamua habari ya kushirikishwa. Swali la madhumuni, yaani fedha ni ya nini, lilijibiwa kwa uwazi mkubwa mbali na Kenya, katika halmashauri ya Barnet, kaskazini ya London. Halmashauri hiyo mwaka 2011 ilipandisha kibali cha mkazi kuegesha gari lake la kwanza mtaani kwake kutoka paundi 40 kwa mwaka hadi paundi 100, na hati ya mgeni kutoka paundi 1 hadi paundi 4. Wakazi walikusanyika, wakachanga, wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 Jaji Lang akaamua kwamba nyongeza ile haikuwa halali, kwa sababu ilifanywa kwa nia ya kupata ziada ya kugharamia mambo mengine ya barabara na usafiri, hali sheria ya mwaka 1984 iliyowapa uwezo wa kutoza ilikuwa ya kutawala mwendo na maegesho ya magari, si ya kukusanya mapato. Zile zilikuwa ada za mitaa ya makazi, si za katikati ya mji, na hukumu ya Uingereza haiifungi mahakama ya Nairobi. Lakini mantiki yake yafanana na ile ya ibara ya 209, nayo ni kwamba aliyeruhusiwa kutoza kwa huduma hakuruhusiwa kwa hilo kutoza kwa kila haja aliyo nayo. Tena ushahidi uliowapa wakazi wa Barnet ushindi ulitoka katika nyaraka za halmashauri yenyewe, zilizoeleza waziwazi shabaha ya nyongeza ile. Waliosoma ndio walioshinda.

Basi raia wa kawaida, asiye wakili wala mwanasiasa, afanyeje? Kwanza atenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ikiwa kisa chake ni adhabu aliyopewa yeye, kwa mfano gari lilifungwa hali amelipa, au hapakuwa na kibao, basi hilo ni shauri la mtu mmoja, nalo lahitaji ithibati: ujumbe wa malipo katika simu, stakabadhi, picha ya mahali penyewe na saa ya tukio. Apeleke barua kwa afisa anayehusika, abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na aombe sababu kwa maandishi, kwa kuwa ibara ya 47 ya Katiba humpa haki hiyo kila ambaye uamuzi wa utawala umemdhuru au waelekea kumdhuru. Akinyamaziwa, iko tume ya taifa inayosikiliza malalamiko juu ya utawala mbaya, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman, nayo haimtozi mlalamikaji kitu.

Lakini ikiwa kisa ni ada yenyewe, kwamba ni kubwa au haina sababu, basi lalamiko ni la jamii, na mlango wake ni mwingine kabisa. Kwanza aombe habari. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humruhusu raia kumwandikia afisa wa umma na kutaka nyaraka, na afisa hupaswa kumjibu katika siku 21. Aulize mambo yanayohesabika: mwaka uliopita maegesho ya mji yaliingiza kiasi gani, kuyaendesha kuligharimu kiasi gani, fedha iliyobaki ilikwenda wapi, na ni uchunguzi gani uliofanywa kabla ya bei mpya kupendekezwa. Maswali hayo hayana matusi, wala hayahitaji ujasiri mkubwa, lakini humlazimisha aliyepanga bei kukaa na kalamu na kutoa hesabu.

Kisha ashike kalenda. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Waraka wa kaunti unaoweka mwelekeo wa fedha hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na Mswada wa Fedha, ambao ndio ubebao ada, hupaswa kupitishwa katika siku 90 baada ya bunge la kaunti kupitisha sheria ya matumizi. Huo ndio msimu wa kusema. Neno moja lililoandikwa na kupokelewa wakati mswada ungali mswada lina uzito kuliko maandamano ya mwezi mzima baada ya kuwa sheria, kwa kuwa mjumbe wa wadi aweza kubadilisha tarakimu kwa kura kabla ya siku hiyo, lakini baada yake huhitajika mswada mwingine au jaji.

Na waraka wenyewe uandikwe kwa akili. Barua isemayo kwamba serikali ina tamaa na wananchi wamechoka huenda ikawa ya kweli kabisa, lakini haimpi mjumbe kitu cha kusimamia anapoinuka kusema. Lakini chukua barua nyingine, isemayo kwa mfano kwamba katika barabara fulani, siku ya kazi saa nne asubuhi, watu wa mtaa walihesabu nafasi 40 wakaona 18 ziko tupu. Kwamba wenye maduka 25 waliotia sahihi wanaona wateja wameenda kununua nje ya mji. Kwamba muuguzi wa zamu na mteja wa nusu saa hulipa ada ileile ya siku nzima, jambo lisilopatana na kanuni ya kulipa kwa kadiri ya matumizi. Na kwamba kwa hiyo waombaji wanapendekeza bei ya saa badala ya bei ya siku: barua hiyo ni vigumu kuitupa kapuni. Ipelekwe kwa karani wa bunge la kaunti kama ombi rasmi, kwa haki iliyomo katika ibara ya 37 ya Katiba na katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, nayo iwe na majina, anwani na sahihi, ieleze mamlaka ambazo waombaji wamekwisha kuziendea, na imalizie kwa kusema bayana wanachotaka kitendwe. Ombi lisilo na mwisho wa namna hiyo humwacha msomaji wake akiwahurumia waombaji asijue la kuwafanyia.

Msomaji wa Tanzania atakuta milango mingine, ingawa maswali hayabadiliki. Huko sheria ndogo za halmashauri hupitishwa na baraza la madiwani na kuhitaji idhini ya waziri, na ukusanyaji wa ada ya maegesho umewahi kuwa mikononi mwa halmashauri na pia mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo la kwanza ni kujua anayetoza kwa sasa ni nani na kwa kanuni ipi, ndipo mtu amwendee diwani wake au wakala wenyewe. Maana barua njema iliyopelekwa kwa asiyehusika hupotea kama ile iliyoandikwa vibaya.

Liko jambo jingine ambalo wenye magari hatuna budi kulikubali ikiwa twataka lalamiko letu lisikilizwe kwa taadhima. Wakazi wengi wa miji yetu hawana gari. Wao huenda kwa miguu, kwa matatu, kwa bodaboda na kwa daladala, na barabara iliyojaa magari yaliyoegeshwa hadi juu ya njia ya miguu ni dhulma kwao kuliko ada yoyote ilivyo dhulma kwetu. Lalamiko lisemalo tu kwamba bei ishushwe ni la wachache, na mwenye madaraka aweza kulijibu kwa fahari kwamba anawatetea walio wengi. Lakini lalamiko lisemalo kwamba bei iwe ya haki, na mapato yake yatengeneze njia za miguu, vituo vya matatu, mitaro na taa za mitaa hiyohiyo, huwaunganisha mwenye gari na asiye nalo, mwenye duka na mchuuzi, nalo huwa lalamiko la mji mzima. Umoja wa namna hiyo ndio ambao hakuna bunge la kaunti liwezalo kuudharau kwa muda mrefu, kwa sababu ndio upigao kura.

Tena kazi haiishi siku ada inapopunguzwa, wala siku ombi linapokataliwa. Msimamizi wa Bajeti hutangaza taarifa za mapato na matumizi ya kila kaunti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua hesabu za kaunti na kutoa taarifa zake. Taarifa hizo ni za umma, na watu wachache wa mtaa wenye kuzisoma pamoja kila mwaka, wakalinganisha kilichotozwa na kilichotengenezwa, huijua kaunti yao kuliko wengi wanaoisema. Ada ambayo sababu yake imeelezwa, kiasi chake kimejadiliwa na matumizi yake yanaonekana, watu huilipa bila kusukumwa. Na serikali ambayo imezoea kuulizwa habari ya shilingi 300 za maegesho itajiandaa vizuri zaidi siku itakapoulizwa habari ya mamilioni ya hospitali na shule. Kwa hiyo anayekaa chini kuandika barua juu ya ada ya maegesho asijione mtu wa mambo madogo. Anaifundisha serikali yake kutoa hesabu, na anajifunza yeye mwenyewe kuidai.